Gofu ya kwenye simu: fimbo inaandika 155 ila mpira unadondoka majini, kupanda na kushuka mnapigaje hesabu?

MpigaChikongola (Mtwara mjini)

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa kweli maana hili jambo linaninyima raha wiki ya tatu sasa. Nacheza ile gofu ya mtandaoni ya kushindana watu wawili, fimbo zangu nimezipandisha levo vizuri tu, kidole kwenye kipimo cha nguvu kimeshatulia, mpira unaenda umenyooka kabisa lakini umbali ndo unanimaliza.

Mfano shimo la 7. Pale unapigia kutoka juu kilimani, grini (yale majani mafupi yenye shimo na bendera) ipo chini na mbele ya grini kuna bwawa. Bendera inaandika 150, pembeni yake kuna kimshale kinaangalia chini kimeandikwa futi 30. Aironi 7 yangu imeandikwa 155. Kuna jamaa alinifundisha kwamba futi 3 ni yadi 1, kwa iyo futi 30 ni yadi 10, na kwa kuwa unashuka mpira unaenda mbali zaidi basi natoa 10 kwenye 150 inabaki 140. 140 kwa fimbo ya 155 ni nguvu asilimia 90, napiga 90 kamili, upepo hakuna, majini. Nimerudia mara sita siku tofauti na mara zote sita majini, na siyo maji ya pembeni, ni maji ya katikati kabisa mpira umenyooka na bendera.

Shimo la 11 lenyewe ni la kupanda. Bendera 100, kupanda futi 24, nikaongeza 8 nikapata 108, weji yangu (ile fimbo ya kupigia karibu) ni 115 nikapiga asilimia 94. Mpira ukagonga ule ukingo wa chini ya grini ukaporomoka wote hadi nilipokuwa nimesimama.

Sasa naomba kuuliza, hii hesabu ya futi 3 kwa yadi 1 ni ya kweli au nimedanganywa? Na hiyo namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni umbali wa nini hasa? Mimi fimbo ya kweli sijawahi kuishika, gofu nimeijulia kwenye simu, kwa iyo mnieleze taratibu bila kuruka hatua. Natanguliza shukrani.

Mwana_Ligula (Mtwara)

Mjomba kwanza tuondoe jambo la mtandao. Huku kwetu jioni watu wote wakishaingia mtandaoni unakuta ule mshale wa nguvu unaruka ruka, unabonyeza hapa wenyewe unasimama pale. Mimi nilipoteza mechi nyingi nikidhani sijui hesabu kumbe simu inachelewa. Ila kwa unavyoeleza wewe sidhani kama ni hiyo. Mtandao ukisumbua mpira unakwenda kushoto mara kulia, leo umezidi kesho umepungua. Wa kwako unanyooka na unapungua kiasi kilekile kila siku, hiyo ni hesabu mjomba, kuna namba mahali unaisoma vibaya. Ngoja waje wenye kuelewa.

KediMstaafu (Lindi)

Marahaba wanangu. Nimefanya kazi ya ukedi kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo Dar es Salaam miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani Lindi, kubeba begi la mchezaji, kumwambia umbali, kusafisha mpira, kushika bendera. Sasa hivi na mimi nacheza hiyo ya kwenye simu na mjukuu wangu jioni kwa iyo naijua pande zote mbili.

Kijana namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni mwisho wa nguvu zake mahali tambarare, pasipo upepo, mpira ukiwa umekaa kwenye majani yaliyokatwa vizuri. Ukitoa kimoja tu kati ya hivyo namba imebadilika. Mpira ukiwa kwenye rafu, yale majani marefu ya pembeni, mchezo wenyewe unakuandikia, mfano asilimia 80 hadi 90, maana yake nguvu yako yote itatoa kiasi hicho tu. Hapo chukua katikati, 85, ugawanye. Ukiwa na yadi 120 za kwenda basi unahitaji fimbo ya kama 141, ukichukua ya 120 unabaki njiani.

La pili, lijue tofauti ya umbali wa angani na umbali wa kubingirika. Mpira unaruka, unatua, halafu unatembea. Kwenye draiva, ile fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, kutembea ni kwingi, kwenye weji unaweza usitembee kabisa. Michezo mingine inaandika wa angani, mingine inajumlisha yote. Bwawa linakuuliza wa angani tu, maji hayana habari na mpira wako ungebingirika wapi.

La tatu ni hili la mwinuko. Hesabu ya futi 3 kwa yadi 1 hujadanganywa, ndo tuliyokuwa tunatumia sisi uwanjani, kupanda unaongeza kushuka unatoa. Na ujue nyie wa kwenye simu mmependelewa sana. Kanuni za gofu zilizoanza kutumika Januari 2019 zinaruhusu mchezaji kutumia kifaa cha kupima umbali lakini kifaa hichohicho hakiruhusiwi kumpimia kupanda na kushuka wakati wa mchezo. Kwa iyo kule kwenye majani ya kweli mchezaji na kedi wake wanasimama wanaangalia kwa macho, wewe mwenzao unaandikiwa futi 30 mbele ya uso. Ndo maana nashangaa unapungukiwa kiasi hicho. Kwa hesabu uliyoandika ulitakiwa uwe grini, hata kama siyo karibu na bendera. Weka skrinishoti tuone.

MpigaChikongola

Asante sana mzee wangu, hiyo ya rafu nilikuwa siijui kabisa nilidhani zile asilimia ni bahati nasibu. Skrinishoti hiyo hapo ya shimo la 7 na nyingine ya begi la fimbo. Mtandao wa simu umekuwa mzito picha zimekubali kupanda sasa hivi tu.

Dada_Masasi

Kaka wa Chikongola kuza hiyo picha ya kwanza kwa vidole viwili uangalie pembeni ya 150. Unaona kuna herufi ndogo pale? Ni m. Sasa fungua ile ya begi, pembeni ya 155 kuna y na d.

Bendera yako inasoma mita, fimbo zako zinasoma yadi, na mwinuko unasoma futi. Mita 150 ni yadi 164! Ulikuwa unapigia yadi 140 mahali ambapo hata ukishatoa za kushuka panataka yadi mia hamsini na kitu. Hata mbingu zingekusaidia usingevuka lile bwawa.

Nenda kwenye setingi, mahali pa vipimo, weka yadi kila mahali.

MpigaChikongola

Dada Mungu akubariki sana, nimeenda kuangalia ni kweli. Ni mimi niliyeweka mita siku ya kwanza nilipopakua, nilisema mita ndo naielewa tangu shule, nikadhani itabadilisha na fimbo. Wiki tatu nzima!! Shimo la 11 nalo basi ile 100 ni yadi ngapi?

Dada_Masasi

109. Mita moja ni yadi 1 na kitu, chukua mita zako zidisha kwa 1.09 inatosha. Kama huna kikokotoo ongeza sehemu ya kumi halafu punguza moja kwa kila mia. 100 inakuwa 110, toa 1, 109. Lakini badilisha setingi tu yaishe.

Ila na mimi nina la kwangu hapohapo, na mzee Kedi asinielewe vibaya shikamoo babu. Mimi vipimo vyangu vyote ni yadi na nilikuwa natumia hiyo futi 3 kwa yadi 1 vizuri tu kwenye aironi, lakini kwenye draiva inanikosea kila mara. Kuna shimo lina mchanga katikati ya njia, mchanga unaanza yadi 255, nikiweka alama yangu pale mteremko unasoma futi 36. Draiva yangu ni 240 za angani, nimezipima mwenyewe siyo za kuandikwa. Nikasema futi 36 ni yadi 12, 240 na 12 ni 252, nitatua yadi 3 kabla ya mchanga na pale ninapotua ni mpando kidogo mpira utakufa palepale. Unatua ndani ya mchanga moja kwa moja, haubingiriki kuingia, UNATUA. Na weji kinyume chake, nikishuka nikatoa yote ninayotakiwa kutoa napungukiwa. Yaani ile hesabu moja inazidi upande huu na inapungua upande ule. Kwa nini?

TichaFizikia_Newala

Nimefurahi sana kuliona swali hili, dada umeliona jambo ambalo wengi wanalipita. Nafundisha fizikia sekondari na huu mchezo nautumia hata kuwaelezea wanafunzi mwendo wa kitu kilichorushwa, kwa iyo mniwie radhi nitaandika marefu.

Wanaofika Newala wanapajua Shimo la Mungu. Unasimama kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, chini yako bonde la Ruvuma lote limelala na ng'ambo kule ni Msumbiji. Chukua jiwe ulirushe kwa nguvu likiwa limelala, kama unarushia embe. Litakapopita usawa wa miguu yako bado lina kasi kubwa ya kwenda mbele, kwa iyo kila futi linayoshuka bondeni linazidi kusogea mbele. Sasa chukua jiwe la pili ulirushe juu sana. Hilo likirudi usawa wa miguu yako linaanguka karibu wima, bonde liwe na kina kiasi gani halitakwenda mbele kiasi cha maana.

Draiva ni jiwe la kwanza na weji ni jiwe la pili. Mwinuko wenyewe haujui umeshika fimbo gani, kinachojua ni pembe ambayo mpira unaangukia.

Na pembe hizo zimepimwa. Vipimo vya rada kwa wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani vinaonyesha kwa wastani draiva inatua kwa digrii kama 38, aironi 7 kama digrii 50, weji ya kupichi kama 52. Ukitaka kujua yadi 10 za kushuka zinakupa yadi ngapi za kwenda mbele unagawanya kwa tanjenti ya hiyo pembe. Draiva unapata karibu yadi 13. Aironi 7 unapata 8 na kidogo. Weji unapata chini kidogo ya 8. Kwa iyo ile futi 3 kwa yadi 1 ni kweli kabisa kwa mpira unaoanguka kwa digrii 45, na fimbo za aironi ndefu zipo karibu na hapo ndo maana watu wengi wameiamini na imewalipa.

Sasa tuchukue mchanga wako dada. Futi 36 ni yadi 12. 12 gawanya kwa 0.78, ndo tanjenti ya digrii 38 za draiva, unapata 15. 240 na 15 ni 255. Mchanga unaanzia 255. Umeona?

Mimi kichwani sipigi tanjenti, muda wenyewe wa kupiga ni sekunde chache. Nabadilisha futi kuwa yadi kwanza, nikishika draiva naongeza robo yake, nikishika weji natoa robo, aironi za katikati natoa kidogo tu kama yadi 1 au 2 kwenye kila 10. Imenitosha.

Lingine ambalo halisemwi. Ukipiga kwenda juu mpira unaikuta ardhi mapema kabla haujamaliza kuinama, kwa iyo unafika umelala zaidi na ukitua unatembea zaidi. Ukipiga kwenda chini unapata muda wa kuinama zaidi, unatua wima zaidi na unasimama mapema. Watu wengi wanadhani ni kinyume, wanaogopa kwamba mpira wa kutoka kilimani utakimbia, wakati unaokimbia ni ule wa kupanda.

Mwana_Ligula

Ticha hapo kwenye jiwe nimeelewa kabisa. Naomba niulize kuhusu neno lenyewe mwinuko maana linanichanganya. Nilisikia uwanja ukiwa kwenye mwinuko mkubwa kama Nairobi mpira unaenda mbali. Sasa ukiwa juu unaongeza au unatoa?

TichaFizikia_Newala

Ni mambo mawili tofauti yanayotumia neno moja. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya hapo Shangani pwani ya Mtwara, mpira unasumbuliwa kidogo na hewa kwa iyo unakwenda mbali kwa kila fimbo hata uwanja ukiwa tambarare kama meza. Hiyo ni habari ya uwanja mzima. Kile kimshale cha futi kwenye simu yako ni tofauti kati ya uliposimama na unapolenga, basi. Mtu anaweza kuwa Nairobi akapiga kushuka na akawa Mtwara akapiga kupanda. Mimi naita cha kwanza urefu kutoka baharini na cha pili kupanda na kushuka, ili visigongane.

KediMstaafu

Ticha nimekusoma mara mbili. Nilianza kutaka kukubishia maana miaka yote tumehesabu moja kwa moja na wachezaji wameshinda vikombe, lakini nimekumbuka kitu. Kulikuwa na wachezaji wawili niliokuwa nawabebea, mmoja mpira wake wa aironi unapaa juu sana na mwingine unakwenda chini kama umetolewa kwenye manati. Mahali pa kushuka palepale yule wa kwanza nilikuwa namwambia toa fimbo moja, yaani achukue inayopiga karibu zaidi kwa hatua moja, yule wa pili namwambia toa moja na nusu. Sikujua kwa nini, nilijua tu ndivyo inavyokuwa kwa kuangalia siku nyingi. Leo nimeelewa sababu.

Niongeze la upepo kwa sababu linakwenda pamoja na hili. Vijana wengi wanadhani upepo wa usoni na wa mgongoni ni sawa, unaongeza huku unatoa kule kiasi kilekile. Siyo. Wa usoni unakula zaidi ya anachokupa wa mgongoni. Kipimo chetu ni hiki, kila maili 1 kwa saa ya upepo wa usoni ongeza asilimia 1 ya umbali, ya upepo wa mgongoni toa nusu asilimia. Yadi 150 na upepo wa maili 10 usoni unapiga kama 165, huohuo ukiwa mgongoni unapiga kama 142 au 143. Wavuvi wa hapa Lindi wanajua kusi likiwa usoni safari inakuwaje, hawawezi kukwambia kwamba kurudi kulifidia kwenda.

Na mpira unaoshukia bondeni unakaa hewani muda mrefu zaidi, kwa iyo upepo unaupata zaidi. Shimo la 7 la huyu kijana likiwa na upepo wa pembeni alenge mbali zaidi kuliko anavyolenga mahali tambarare.

Halafu kijana hilo la kulenga, unaposoma futi hakikisha alama yako umeiweka pale unapotaka mpira UTUE. Ukiiacha kwenye bendera unasoma kupanda kwa bendera, na bendera inaweza kuwa imekaa kwenye ngazi ya nyuma ya grini futi kadhaa juu ya pale mpira unapotua. Viwanja vingi vya kweli vina alama za yadi 100, 150 na 200, nyekundu, nyeupe na bluu, na zile zinapima hadi grini siyo hadi bendera, kedi anamalizia mwenyewe kwa hatua. Wewe unacho kidole, isogeze alama.

Mwana_Ligula

Jamani nina wasiwasi mmoja. Hizo digrii za Ticha ni za watu wa kweli wanaopiga mpira wa kweli. Hawa waliotengeneza gemu sisi hatujui ndani wameweka nini, inawezekana wameandika tu kwamba ukishuka futi kadhaa ongeza kadhaa kwa kila fimbo sawa. Sasa tutajuaje?

TichaFizikia_Newala

Wasiwasi wako ni wa mtu anayefikiri vizuri. Jibu ni kupima, na kupima hakuna gharama zaidi ya bando kidogo.

Ingia kwenye mazoezi ya peke yako, chagua mahali tambarare, upepo sifuri kama mchezo unakuruhusu. Piga draiva mipira mitano kwa nguvu zote, angalia pale ulipotua siyo ulipoishia, andika. Fanya hivyo kwa aironi 7 na weji. Usitumie mpira mmoja ukaamini. Kisha tafuta shimo lenye kushuka kwingi, piga fimbo hizohizo tatu, andika tena. Kama kushuka kumekuongezea kiasi sawa kwenye draiva na weji, basi watengenezaji wameweka hesabu moja na utumie futi 3 kwa yadi 1 kwa amani. Kama draiva imeongezeka zaidi ya weji, wamefuata fizikia. Kwenye mchezo ninaocheza mimi, na bila shaka na dada wa Masasi, draiva inaongezeka zaidi. Mchanga wake ni ushahidi tosha.

Na hapohapo pima kile kipimo cha nguvu. Usidhani asilimia 90 lazima itoe 90 ya umbali. Piga 100, 90, 80, 70 uandike. Kwenye baadhi ya michezo inalingana vizuri, kwenye mingine huku chini inapungua haraka kuliko unavyodhani. Kama mnaweza chagueni fimbo ambayo mtaipiga karibu na nguvu zote, huko ndo makosa yanakuwa madogo.

Dada_Masasi

Mwalimu nimejaribu sasa hivi kabla sijalala. Lile shimo la mchanga nimepiga draiva asilimia 96 badala ya zote, kwa sababu nimehesabu 240 mara 0.96 ni 230, na 15 ni 245, yadi 10 kabla ya mchanga. Umetua, umetembea kidogo, umesimama kwenye majani mazuri kabisa mchanga upo mbele yangu nauangalia. Miezi miwili nilikuwa naingia mle!

Na mimi sasa nimeanza daftari. Nimechora safu za fimbo, tambarare, kupanda, kushuka. Mdogo wangu anauliza ni la biashara ya korosho.

MpigaChikongola

Wakuu nimerudi na majibu ya leo. Nilibadilisha vipimo vyote kuwa yadi asubuhi, nikaenda mazoezini nikapima kama Ticha alivyosema, aironi 7 yangu ni 155 za angani kweli, weji ni 115 kweli. Draiva niliyoandikiwa 250 nikipima za angani ni 231, zilizobaki ni za kubingirika. Yaani kwenye draiva wanajumlisha na kwenye weji mpira hautembei ndo maana namba inalingana, mzee Kedi ulisema.

Shimo la 7. Bendera 164, kushuka futi 30 ni yadi 10, aironi 7 nikatoa kidogo zikabaki 8, 164 toa 8 ni 156. Nikapiga nguvu zote. Niliuangalia ule mpira unavuka bwawa mikono inatetemeka, umetua kabla ya bendera kidogo ukaruka mara moja ukapita ukasimama kama futi 10 nyuma yake. Nikaputi, yaani nikausukuma taratibu kwenye grini, nikaingiza. Mpinzani alikuwa na fimbo za levo ya juu kunizidi na yeye akaingia majini.

Shimo la 11 lenyewe, bendera 109, kupanda futi 24 ni 8, weji nikatoa robo zikabaki 6, jumla 115, weji nguvu zote. Nimefika grini kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza ule uwanja. Ila umetua vizuri halafu ukatembea hadi nyuma kabisa karibu utoke, kama Ticha alivyosema kwamba wa kupanda unakimbia. Sasa pale nipunguze nguvu au nifanyeje? Nikikumbuka ule ukingo wa mbele naogopa.

KediMstaafu

Punguza hadi 97 usishuke chini ya hapo. 97 ya 115 ni kama yadi 111 na nusu, unatua yadi 3 na ushee kabla ya pale ulipotua leo, bado upo juu ya ukingo. Ukiwa na mpira wenye spini ya nyuma, unaozunguka kurudi nyuma ukitua, weka hapo, usiutumie kwenye mashimo mengine. Na kama bendera wameisogeza mbele karibu na ukingo usiifuate, tua katikati ya grini, kubali putti ndefu ya kushuka.